Paka wa umri tofauti wanaokula sahani moja: kila mmoja alishwe nini?

Mwuliza swali, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninao paka wa umri tofauti ambao tangu zamani hula sahani moja, na sasa naona utaratibu huo hauwafai. Yupo jike mwenye watoto wanne wa wiki 5, ambaye amekonda hata nikimpapasa nahesabu mbavu zake. Yupo dume wa miaka 3, aliyehasiwa mwaka jana, ambaye tumbo lake limeanza kuning'inia. Yupo pia bibi yao wa miaka 13, ambaye mgongo wake umebaki mifupa; siku hizi huramba mchuzi na kuacha vichwa vya dagaa pembeni ya sahani, kisha huenda kunywa maji kwenye karai la kufulia mara nyingi kuliko zamani. Chakula chao ni ugali uliochanganywa na dagaa wa kuchemsha, maziwa ya ng'ombe asubuhi, na siku nikipita soko la samaki la Deep Sea huwaletea vichwa vya samaki vibichi. Chakula cha paka cha dukani ni ghali, na siwezi kuwanunulia wote kila siku. Naomba mnielekeze.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na bibi, ingawa umemtaja mwisho, kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi. Paka mzee anayekunywa maji mengi huku akikonda huenda ana maradhi ya figo, kisukari, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na kule kuacha vichwa vya dagaa kunaweza kuwa ni meno yanayomuuma. Mpeleke apimwe damu na mkojo kabla ya kubadilisha chochote. Tafadhali usimpunguzie nyama na samaki kwa kusikia tu kwamba protini huumiza figo, kwani mwili wa paka mzee hupoteza misuli upesi, na uamuzi wa kupunguza protini hufuata vipimo. Kwa sasa mpondeponde chakula kiwe laini, kiwe na uvuguvugu ili harufu yake imvute, na umpe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Jike anayenyonyesha asipimiwe chakula hata kidogo. Mahitaji yake hufika mara mbili hadi nne ya yale ya siku za kawaida, na kisichotoka kwenye sahani hutolewa mwilini mwake, ndiyo maana unahesabu mbavu. Kama fedha inatosha mfuko mmoja tu wa chakula cha dukani, nunua kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa paka, akile yeye pamoja na wanawe. Hao wadogo walowekewe kwa maji ya uvuguvugu hadi kiwe kama uji mzito, mara nne kwa siku, huku wakiendelea kunyonya hadi kufikia wiki 8 hivi. Mtoto wa paka huzaliwa na takriban gramu 100 na huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, kwa hiyo mizani ya jikoni itakuonyesha anayebaki nyuma kabla jicho halijamtambua.

Dume apimiwe milo miwili kwa siku, kwa sababu kuhasiwa hupunguza nguvu anazotumia huku hamu ya kula ikiongezeka. Apunguziwe polepole, asinyimwe chakula kabisa, kwani paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.

Mfugaji wa paka, Mombasa

Shikamoo daktari. Naomba niongeze kuhusu ugali. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki lakini hakimo katika nafaka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walipungukiwa na taurini. Ugali kidogo hauna madhara. Tatizo ni ugali kuwa ndio chakula na dagaa kuwa kionjo. Taurini huyeyukia kwenye maji, kwa hiyo suuza dagaa wakavu kwanza watoke mchanga na chumvi, kisha wachemshe na usiyamwage maji hayo: huo mchuzi anaouramba bibi una kitu ndani yake.

Samaki wabichi wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiondoa, hivyo chemsha hivyo vichwa na uchambue miiba mikubwa. Maziwa ya ng'ombe acha kabisa, mpe kila mmoja maji safi. Usiwawekee mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, maana huharibu damu yao.

Nilijifunza kwa uchungu. Mtoto wa paka niliyemlisha nyama ya steki tupu, nikidhani namtendea wema, alivunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Nyama isiyo na mfupa haina kalsiamu ya kutosha kujenga mifupa. Dagaa mzima anayo, na hilo ni jambo jema katika sahani yako.

Mwuliza swali, Tanga

Ahsanteni sana. Ushauri huu nitauanza leo: jike na wanawe watakula chumbani mlango ukiwa umefungwa, dume atakula uani, na bibi jikoni karibu nami. Kesho asubuhi nampeleka kupimwa.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Vizuri. Mpime uzito kabla hamjatoka nyumbani, na uangalie leo anajaza bakuli la maji mara ngapi, kwani daktari atakuuliza. Majibu yakitoka, tuandikie hapa kiwango cha kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, tukusaidie kupanga chakula chake.