Kagera: mbona Waganda hawaadhimishi kama sisi?

Mjukuu_Kibosho: Wakuu, babu yangu alirudi kutoka vita vya Kagera 1979 na goti bovu. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anapiga pasi shati lake la kaki, anakaa kimya kando ya redio. Waganda sikukuu yao ya ukombozi ni 26 Januari, Museveni alipoingia 1986. Mbona si 11 Aprili, Kampala ilipomtoka Amin?

Mzee_Majengo: Mjukuu, umoja wao wa kumpinga Amin uliundwa hapa hapa Moshi, Machi 1979. Rais Lule, aliyeshika baada ya Amin, alikaa siku 68 tu, akaondolewa. Nani angebaki kuienzi Aprili? Inaniuma, vijana wetu walikufa kule.

Dada_Bukoba: Wamelala Kaboya, Muleba. Mlete babu angali anatembea.

Mjukuu_Kibosho: Nimemwambia dada. Kafungua sanduku, anatafuta nishani.