Wabaptisti na Wakweka wa mwanzo, mbona hawakupikika chungu kimoja?

mtafutaji77: Wakuu habari zenu, nasoma historia ya Uingereza karne ya 17 kuna kitu kinanisumbua. Wabaptisti na Wakweka (Quakers) wote serikali ilikuwa inawafunga, wote hawalitaki kanisa la mfalme, sasa mbona wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanashambuliana vile? Ni ubatizo tu au kuna kingine?

mama_neema: Ubatizo umo ila sio mzizi. Mkweka anasema Nuru ya Kristo imo ndani ya kila mtu, ukiifuata huhitaji maji wala mkate na divai. Mbaptisti akisikia hivyo anaona Biblia imeshushwa na Kristo wa msalabani amebaki kitu cha moyoni tu. John Bunyan, mhubiri wa Kibaptisti wa Bedford, alitoa kitabu 1656 akawabana hapohapo, Edward Burrough, kijana wa Kikweka wa miaka ishirini na kitu, akamjibu mwaka huohuo, Bunyan akarudi tena 1657 na Burrough naye hakunyamaza.

kijiti: Ongezea na kunyang'anyana waumini. Elizabeth Hooton alikuwa Mbaptisti kabla hajakutana na George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, akaja kuwa mmoja wa wahubiri wa kwanza wa Kikweka, Samuel Fisher naye alikuwa mhubiri wa Kibaptisti akahamia kwa Wakweka. Mtu anakuvunia shambani kwako utamchekea?

Ila mimi anayenigusa ni Roger Williams, mwanzilishi wa koloni la Rhode Island kule Amerika. Ubaptisti alikaa miezi michache tu, lakini 1672 akiwa anakaribia miaka 70 alipiga kasia mwenyewe kutoka Providence mpaka Newport kubishana na Wakweka, siku tatu nzima, halafu moja tena Providence. Aliyachukia kweli mafundisho yao. Na bado hakutaka wafukuzwe Rhode Island, wakati jirani tu hapo Boston walishamnyonga Mary Dyer 1660 kwa sababu ya Ukweka!

mtafutaji77: Asanteni sana, hiyo ya Williams sikuijua kabisa. Na Bunyan aliishia wapi na hao watu?

mama_neema: Alifungwa Bedford kuanzia 1660, miaka 12. Mwaka 1672 Wakweka, George Whitehead akiwa mbele, wakahangaikia msamaha wa mfalme Charles wa Pili kwa wafungwa wao, wakakubali na wa madhehebu mengine waingizwe. Jina la Bunyan limo kwenye hati hiyo. Burrough hakuyaona hayo, alishakufa 1663 akiwa mfungwa wa gereza la Newgate, London.