Doupo Cangqiong msimu wa pili: Xiao Yan anamchukua nani?

Binti_Mke_Mkubwa:
Habari zenu wadau. Nimemaliza jana usiku msimu wa pili wa Doupo Cangqiong, katuni ya Kichina iliyotokana na riwaya, vipande vyote 12, na roho yangu imebaki kwa Xun'er, msichana aliyekua pamoja na stelingi Xiao Yan. Mwanzo wa riwaya niliusoma kwenye simu. Xiao Yan ana miaka 15, anaweka mkono kwenye jiwe la kupimia nguvu, yanatokea maandishi makubwa: ngazi ya tatu. Watu wanamcheka, na ndiye yule yule aliyekuwa fahari ya ukoo. Xun'er anapimwa baadaye, anapata ngazi ya tisa, anawapita wote wanaomsifu na kwenda kusimama mbele yake.

Halafu njiani anakutana na wanawake wengine: kuna Malkia Medusa wa watu-nyoka, kuna Yun Yun, kuna Xiao Yixian yule mganga. Mimi nimekulia nyumba ya wake wawili. Mama alikuwa mke mkubwa, na zamu isiyo yake alikuwa hazimi taa mpaka asikie geti la pili limefungwa. Kwa hiyo haya mambo kwangu si katuni tu. Anamchagua Xun'er au la?

mdau_wa_sura1600:
Dada, kama hutaki kujua mwisho, ruka hapa. Riwaya, iliyoandikwa na Tiancan Tudou, iliisha 2011, ina sura zaidi ya 1,600. Anawaoa wawili, Xun'er na Medusa, ambaye baadaye anaitwa Cai Lin. Cai Lin anamzalia binti, Xiao Xiao. Wachina hadithi za namna hii huziita hougong, yaani kasri la nyuma, walikokaa wake za mfalme. Nalan Yanran, mchumba wake wa mwanzo, yeye alijitoa mwenyewe. Alikuja kuvunja uchumba mbele ya wazee, Xiao Yan akamwandikia talaka na kuigonga muhuri kwa kiganja chenye damu.

Nyoka wa Rangi Saba:
Medusa msimwonee. Alijitosa kwenye Moto wa Yungiyungi la Kijani ili avuke ngazi, na stelingi akauchukua moto wenyewe. Alikuwa na haki ya kutaka kumuua! Aliyemzuia ni yule nyoka mdogo waliyegawana mwili, aliyekwisha kumzoea Xiao Yan na kulala kwenye mkono wa kanzu yake. Mapenzi yao yalianzia kwenye deni, ndiyo maana nayaamini.

mdau_wa_sura1600:
Kweli. Na dada, kama unahisi hadithi inaruka, ni kwa sababu inaruka. Vipande 12 kwa msimu havitoshi riwaya ndefu vile. Tafuta Miadi ya Miaka Mitatu, toleo maalumu la 2021, ndimo anamokwenda kupambana na Nalan Yanran. Ukishaiona, ndipo uendelee.

Binti_Mke_Mkubwa:
Asante mkuu, nimekuelewa. Lakini mnaniambia anaoa wawili kama vile ni habari ya Xiao Yan peke yake. Xun'er aliulizwa? Alipomwona Cai Lin na mtoto, alisema nini? Anayeikumbuka sura hiyo anitajie namba, nitaisoma usiku huu huu.