Gumzo la ukoo: kikokotoo cha shangazi na deni la kabla ya 1999

Shangazi Mama Neema: Habari za jioni ndugu zangu wote, na kwako kaka mkubwa, shikamoo. Kama mnavyojua, nimestaafu mwezi Julai mwaka 2025 baada ya utumishi wa miaka 35 katika hospitali ya mkoa. Leo nimepokea karatasi ya mchanganuo wa mafao yangu, na tangu niisome nina swali ambalo sijapata wa kunijibu. Mwenzangu wa wodi ile ile, aliyestaafu mwaka 2021 akiwa na cheo kama changu na mshahara usiozidi wangu, aliondoka na kiinua mgongo ambacho changu hakifikii hata theluthi mbili yake. Wenye ujuzi wa hesabu mnieleze, kwa sababu ofisini nimeambiwa tu kwamba "ndiyo kanuni mpya".

Baba Mkubwa: Marahaba dada, na hongera kwa kumaliza utumishi salama. Mimi nilistaafu mwaka 2017 kwa kikokotoo cha zamani, yaani kanuni ya zamani ya kukokotoa mafao, kwa hiyo sina la kulalamika kwa upande wangu. Hata hivyo nitasema jambo ambalo huenda halitawapendeza. Nimeshuhudia wastaafu wenzangu wakipokea mamilioni yale kwa mkupuo na kuyamaliza kabla ya mwaka kwisha. Mmoja alinunua daladala mbili chakavu ambazo hadi leo zimeegeshwa uani kwake juu ya mawe, na mwingine aliwakopesha watu wa karibu ambao sasa wanamkwepa msibani. Serikali ilipopunguza mkupuo na kuongeza pensheni ya kila mwezi ilikuwa inatulinda na sisi wenyewe, ili mzee awe na chochote cha kupokea kila mwezi hadi siku ya mwisho.

Joel: Shikamoo baba mkubwa, shikamoo shangazi. Naomba niweke hesabu mezani kabla mjadala haujaenda mbali. Nitatumia mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi, ambao si mshahara wa mtu yeyote humu, ili iwe rahisi kufuatilia.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa wakati huo, mshahara wa mwaka, yaani milioni 12, ulizidishwa kwa miezi ya utumishi, ambayo kwa shangazi ni 420, kisha ukagawanywa kwa 540. Nusu ya pensheni hiyo ya mwaka ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, na nusu iliyobaki ikagawanywa kwa miezi 12. Mkupuo ulikuwa takriban shilingi milioni 72.3, na pensheni ya mwezi takriban shilingi 388,900.

Kanuni iliyoanza Julai 2022 inagawanya kwa 580 badala ya 540, inazidisha mkupuo kwa 12.5 badala ya 15.5, na ilianza kwa kutoa mkupuo wa asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, alitangaza kwamba waliokuwa wakipata mkupuo wa asilimia 50 kwa kanuni za zamani watapandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40, na waliokuwa wakipata asilimia 25 watafikia 35. Kwa asilimia 40, shangazi mwenye mshahara wangu wa mfano anapata mkupuo wa takriban milioni 43.4 na pensheni ya takriban 434,500 kwa mwezi.

Baba mkubwa, ungekuwa sahihi kabisa endapo kilichopunguzwa kwenye mkupuo kingerudi kwenye pensheni. Lakini mkupuo umepungua kwa milioni 28.9, na pensheni imeongezeka kwa shilingi 45,600 tu kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie kilichoondolewa, mstaafu wa miaka 60 anapaswa kuendelea kupokea kwa zaidi ya miaka 52. Yaani awe hai akiwa na miaka 112.

Upendo: Kaka Joel, nimerudia hesabu hiyo kwa simu yangu mara tatu nikidhani umekosea nukta. Kumbe tulipoambiwa kwamba fedha zimehamishwa tu kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, sehemu kubwa ilidondoka njiani.

Baba Mkubwa: Joel, hesabu yako nimeielewa, lakini uwe mkweli kwa upande wa pili pia. Hiyo 15.5 ilikuwa na maana kwamba Mfuko unamlipa mtu siku ya kwanza pensheni ya miaka 15 na nusu ijayo kwa ile nusu yake, awe ataishi au hataishi. Hakuna mfuko unaoweza kufanya hivyo kwa maelfu ya watu kila mwaka bila kuyumba. Wataalamu wa tathmini walisema Mfuko ungekauka.

Joel: Ni kweli, baba mkubwa, na sitaki kulikwepa hilo. Kanuni ya zamani ilikuwa ya ukarimu kuliko michango iliyokuwa ikiingia, na hata Mfuko ambao haudai senti kwa mtu ungelazimika kuipunguza kiasi. Ninachobishana nacho ni simulizi kwamba Mfuko ulidhoofika kwa sababu wastaafu walilipwa sana. Mfuko ulidhoofika kwanza kwa sababu mdaiwa wake mkubwa hakulipa, na mdaiwa huyo ni Serikali yenyewe.

Upendo: Hapo ndipo ninapotaka kuelimishwa, maana mimi nimeajiriwa mwaka 2020 na mambo haya tunayasikia juu juu tu. Deni hilo lilitoka wapi, ilhali kila mwezi ninakatwa asilimia 5 na mwajiri anachangia asilimia 15? Hizo si fedha zinazoingia?

Joel: Zinaingia kwa ajili yako, mdogo wangu. Kwa shangazi hadithi ni tofauti. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa Serikali Kuu hakukatwa mchango wowote wa pensheni. Alipostaafu alilipwa na Hazina moja kwa moja kutokana na kodi. Ilipotungwa sheria ya mwaka 1999 iliyoanzisha PSPF, watumishi waliokuwepo kazini waliingizwa kwenye Mfuko wakiwa na haki ya kuhesabiwa miaka yao yote, ikiwemo ile ambayo hakuna senti iliyochangwa. Serikali ilipaswa kuingiza fedha za miaka hiyo ya nyuma. Haikuziingiza kwa wakati.

Shangazi aliajiriwa Julai 1990, kwa hiyo katika miezi yake 420, miezi 108 ya mwanzo haina mchango ndani ya Mfuko. Ni zaidi ya robo ya utumishi wake. Mfuko unamlipa miezi hiyo kwa michango ya nani? Kwa michango ya watu kama wewe, Upendo, ambayo ilitakiwa iwekezwe ikusubiri.

Shangazi Mama Neema: Sasa ninaanza kuona. Miaka ile tulikuwa tukiambiwa kwamba kazi ya Serikali haina mshahara mkubwa lakini ina uzee wenye uhakika, na ndiyo sababu wengi wetu tulizikataa hospitali za binafsi. Hakuna aliyetuambia kwamba uhakika huo ulikuwa umeandikwa kwenye daftari la madeni.

Baba Mdogo: Poleni kwa kuchelewa, nilikuwa kwenye kikao cha tawi la chama chetu cha walimu. Joel ameeleza vizuri, nami nitaongeza kile ambacho sisi viongozi wa matawi tumekuwa tukikisema kila Mei Mosi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuwa akilitaja deni hilo katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka, na wabunge walikuwa wakilijadili, lakini bajeti ikifika mwisho fedha zilikuwa zimekwenda kwingine. Wakati huo huo mifuko ilikuwa ikiombwa kukopesha miradi ya Serikali. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako mwanangu wa kwanza alisoma, yalijengwa kwa mikopo ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Chuo ni kizuri na sina ugomvi nacho. Tatizo ni kwamba marejesho yalisuasua kwa miaka, na kila mwaka ambao mkopo haukurejeshwa ni mwaka ambao fedha ya mstaafu haikuzaa chochote.

Baba Mkubwa: Na maghorofa je? Mbona hamyasemi? Wakati ule kulikuwa na mifuko mitano ya hifadhi ya jamii, PSPF, LAPF, PPF, GEPF na NSSF, na kila mmoja ulitaka jengo lake lionekane refu kuliko la mwenzake pale Dar es Salaam. Minara pacha ya PSPF pale Sokoine Drive inaonekana ukiwa bado baharini, lakini nilipokwenda kufuatilia mafao yangu nilikuta wastaafu wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi wakiambiwa fedha hazijaingia. Hilo nitalisema hata kama ninaitetea Serikali kwenye mengine.

Baba Mdogo: Kaka, hapo umesema jambo zito. Mwaka 2018 Sheria Namba 2 iliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, kuanzia tarehe 1 Agosti, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Nia ilikuwa kupunguza gharama za uendeshaji na ushindani ule usio na maana. Lakini PSSSF ilizaliwa ikiwa imerithi madeni yote, na miezi michache baadaye zikatoka kanuni za mkupuo wa asilimia 25 kwa watumishi wote. Mnakumbuka kelele zilizotokea. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee kutumika hadi mwaka 2023. Tulishangilia, lakini tukitazama nyuma, agizo lile liliahirisha maumivu bila kuleta fedha. Deni lilibaki pale pale.

Upendo: Na lile tangazo kwamba Serikali imelipa? Nakumbuka lilisambazwa sana kwenye vikundi vya walimu.

Joel: Lilikuwa mwezi Desemba 2021. Deni la kabla ya 1999 lililotajwa lilikuwa shilingi trilioni 4.46, na Serikali ikatoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya trilioni 2.176. Ninaisifu hatua hiyo, kwa sababu kabla yake deni lilikuwa ahadi tu, na hatifungani ni hati yenye riba na tarehe za kulipwa. Lakini tuisome ilivyo. Kwanza, ni karibu nusu ya deni, si deni lote. Pili, siku hatifungani ilipokabidhiwa hakuna fedha mpya iliyoingia benki kwa ajili ya kumlipa mstaafu aliyekuwa kwenye foleni. Mfuko ulipata haki ya kulipwa taratibu na Hazina ile ile iliyokuwa imechelewa. Na tatu, miezi saba baadaye, Julai 2022, kikokotoo kipya kikaanza. Kwa mpangilio huo, Serikali ilipewa muda wa kulipa deni lake, na mstaafu alipunguziwa mafao papo hapo.

Shangazi Mama Neema: Kumbe mwenzangu wa 2021 na mimi tulitibu wagonjwa wale wale, tulilala zamu zile zile, na kilichotutenganisha ni tarehe ya kuzaliwa.

Baba Mkubwa: Dada, pole. Bado ninasema kwamba mkupuo mdogo una faida zake kwa nidhamu ya matumizi, lakini kwa hiyo milioni 28.9 sina hoja ya kuitetea.

Baba Mdogo: Kuna upande mwingine unaonihuzunisha zaidi kwa sababu ninauona kila siku. Jirani yangu hapa ni mlinzi wa halmashauri moja, analipwa kwa mapato ya ndani na si na Hazina. Tulifungua taarifa yake ya michango kwenye PSSSF Kiganjani, ile programu ya simu ya Mfuko, tukakuta miezi imeruka ruka. Kuna mchango wa Machi, halafu hakuna kitu, halafu Agosti. Hati zake za mshahara zote zinaonyesha amekatwa asilimia 5. Sheria inaweka adhabu kwa mwajiri anayechelewesha, lakini mwajiri huyo ni taasisi ya umma, anayepaswa kumbana ni taasisi ya umma, na adhabu ikilipwa itatoka kwenye fedha za umma. Anayekosa usingizi ni mlinzi peke yake.

Upendo: Baba, nimefungua yangu sasa hivi. Michango yangu yote ipo, namshukuru Mungu. Lakini nawaomba wote mnaokaribia kustaafu mfanye hivyo leo, na mtunze hati za mshahara za zamani, kwa sababu mwezi usioonekana kwenye taarifa ni mwezi utakaotakiwa kuuthibitisha mwenyewe.

Shangazi Mama Neema: Mdogo wangu wa chama cha walimu, una mkutano wa mkoa mwezi ujao. Sitaki uende kuomba turudishiwe 15.5, maana najua mtajibiwa kwamba Mfuko utakufa. Ninataka uulize kuhusu deni.

Baba Mdogo: Nimeandika hivi, mnirekebishe: "Kati ya trilioni 4.46, iliyobaki baada ya hatifungani ya trilioni 2.176 imepangiwa kulipwa lini, na ikilipwa, je, kikokotoo kitaangaliwa upya?"

Joel: Ongeza ombi la tathmini ya uendelevu wa Mfuko kuchapishwa kwa Kiswahili, ikionyesha peke yake jinsi hali ya Mfuko ingekuwa endapo deni lingelipwa kwa wakati. Bila takwimu hiyo, kila mjadala wa kikokotoo utaishia kumlaumu mstaafu.

Baba Mkubwa: Na uulize kiwango cha faida ya kila jengo, jengo moja moja, baada ya gharama. Wasikujibu kwa jumla.

Shangazi Mama Neema: Nami nitakutumia karatasi yangu ya mchanganuo, ufute jina na namba ya uanachama. Waonyeshe pale palipoandikwa miezi 420, na uwaulize nani alichangia ile 108 ya mwanzo.