Ali Bacher tumhukumuje: kwa ziara za miaka ya 1980 au kwa aliyoyafanya baadaye?

Swali
Ndugu wanajukwaa, Dkt. Ali Bacher alikuwa nahodha wa Afrika Kusini ilipoifunga Australia mechi nne kwa sifuri mwaka 1970, kisha akawa kiongozi mkuu wa kriketi ya nchi yake. Wapo wanaomsifu kama mjenzi, na wapo wasiomsamehe ziara zilizokiuka vikwazo dhidi ya ubaguzi wa rangi. Ninyi mnamwonaje?

Jibu la kwanza
Uwanjani hadaiwi kitu. Mechi nne za testi (mechi za kimataifa za siku tano) alizoongoza alishinda zote, ikiwemo ile ya Durban ambayo Graeme Pollock alipata mikimbio 274. Lakini siwezi kumtetea kwa kushiriki kuandaa ziara ambazo wachezaji wa kigeni walilipwa fedha nyingi kuja kucheza katika nchi ambayo Waafrika walio wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Jibu la pili
Ndugu yangu, hilo nalikubali, ila tusiishie hapo. Ziara ya timu ya Waingereza chini ya Mike Gatting ya mwaka 1990 ilipokutana na maandamano makubwa, Bacher alikiri kwamba hakuwa ameujua ukubwa wa hasira ya wananchi, na ziara ikakatishwa. Baadaye alikaa meza moja na Steve Tshwete wa chama cha ukombozi cha ANC, vyama viwili vya kriketi vilivyohasimiana vikaungana mwaka 1991, na Novemba mwaka huohuo timu ya taifa ikarudi kwenye kriketi ya kimataifa kwa kucheza Calcutta, India. Mpango wa kuwafundisha kriketi watoto wa vitongoji vya Waafrika alikuwa ameuanzisha tangu 1986, ingawa wengi wakati ule waliuona kama pazia la kufunika ziara zile, na nadhani walikuwa na haki ya kushuku.

Jibu la tatu
Sisi wa Nairobi tuna la kuongeza. Kombe la Dunia la mwaka 2003 liliendeshwa chini ya Bacher, na mechi mbili zilipangwa kwetu. New Zealand walikataa kuja kwa hofu ya usalama, lakini Sri Lanka walikuja, na tarehe 24 Februari pale uwanja wa Gymkhana Collins Obuya wa Kenya akachukua wiketi tano (yaani aliwatoa wapigaji watano), Kenya ikashinda, na hatimaye vijana wa nahodha Steve Tikolo wakafika nusu fainali. Nilikuwepo siku hiyo. Makosa ya Bacher siyafuti, lakini kwa mashindano yale namshukuru kwa dhati.