Kwa nini bango langu la shujaa haling'ai chini ya taa ya urujuanimno?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, nimechora bango la shujaa wa katuni kwa kuiga yale mabango ya Marekani ya miaka ya 1970 yaliyokuwa yakiwaka gizani chini ya taa ya urujuanimno (UV), nikalichapisha kwa mashine ya kidijitali. Kwenye kompyuta rangi zake zilikuwa kali mno, lakini nilipozima taa za chumba na kuwasha ile ya urujuanimno, shujaa alififia kabisa, ikang'aa pambizo nyeupe peke yake. Nimekosea wapi?

Jibu la 1: Tatizo ni wino, si mchoro. Wino wa kawaida wa mashine hizo hurudisha tu sehemu ya mwanga unaouangukia, ilhali wino wa fluoresenti hunyonya miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Pambizo imeng'aa kwa sababu karatasi nyingi nyeupe hutiwa kemikali za kuongeza weupe, nazo zina tabia hiyo hiyo. Mabango unayoyaiga yalichapwa kwa skrini, yaani wavu mwembamba unaopitisha wino penye mchoro tu, kila rangi na skrini yake. Mwone fundi anayechapa fulana kwa njia hiyo, umuulize kama ana wino wa fluoresenti unaofaa kwa karatasi.

Jibu la 2: Naongezea kuhusu mchoro wenyewe. Kampuni ya Third Eye ya New York, iliyotoa mabango ya mashujaa wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, mwaka 1971, ilichukua michoro ya wasanii kama Jack Kirby kutoka vitabu vya katuni na kuipaka rangi upya, bila kufungwa na rangi za vitabuni. Kwa maoni yangu, wanaoiga mtindo huu leo hujaza rangi kupita kiasi na kusahau kwamba ni weusi mpana unaoifanya pinki au kijani ionekane kama inawaka.

Jibu la 3: Angalia na taa pia. Zile za bei nafuu za nanometa 395 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) hutoa zambarau nyingi inayoonekana, na weusi wako utachafuka. Za nanometa 365 ni bora. Usilitundike bango mkabala na dirisha, maana rangi hizi hupauka upesi juani.

Muulizaji: Nashukuruni sana. Nitaanza na rangi 3 pamoja na nyeusi. Je, nyeusi ichapwe kwanza?

Jibu la 1: Hapana, ichapwe mwisho, ili ifunike mipaka ambayo rangi nyingine hazikukutana sawasawa.