Fomu imerudishwa: Forfarshire au Angus?

Dada wa Kirrie
Hamjambo ndugu zangu. Najua tuko katikati ya mjadala wa lile jedwali letu la majina ya mahali ya Angus, huku Scotland, tupange kwa parishi au kwa halmashauri, lakini mwenzenu maji yamenifika shingoni. Mdogo wangu yuko Nakuru, anaomba UK Ancestry, ile viza ya wenye babu au bibi aliyezaliwa Uingereza, kupitia babu yetu mzaa baba. Cheti cha babu cha 1927 kinasema Parishi ya Kirriemuir, Kaunti ya Forfar. Pasipoti yake ya zamani inasema Kirriemuir, Angus. Ofisi imerudisha karatasi zote, eti tueleze kama huyu ni mtu mmoja au wawili. Kwenye fomu mpya tuandike kaunti ipi?

Mzee wa Dundee
Pole binti yangu. Kaunti ni hiyo hiyo. Forfarshire ilianza kuitwa rasmi Angus mwaka 1928, cheti kimetangulia, pasipoti imefuata. Ndiyo maana toka siku ya kwanza nasema jedwali tulijenge juu ya parishi. Kaunti zilifutwa 1975 tukatiwa ndani ya mkoa wa Tayside, 1996 Tayside nayo ikazikwa, zikaja halmashauri 32 za Scotland nzima. Kirriemuir imekaa pale pale.

Mama Monifieth
Shikamoo Mzee. Ila parishi haimsaidii mgeni aliyeshuka juzi anayetaka kujua council tax, kodi ya halmashauri, analipa wapi. Sisi Monifieth tuliwekwa chini ya Dundee 1975, tukarudishwa Angus 1996. Parishi ingemwambia nini hapo? Tuweke safu tatu: jina, kaunti ya zamani, halmashauri ya leo. Na aliyeingiza Coupar Angus aitoe, iko Perth na Kinross ile.

Kijana wa Tanga
Niliingiza mimi. Mji unaitwa Angus, mnataka nini zaidi?

Mama Monifieth
Limebandikwa hivyo isichanganywe na Cupar ya Fife. Tunasoma kwanza, mwanangu, halafu ndio tunajaza.

Mwalimu Mstaafu, Perth
Mzee, parishi nazo si msahafu. Mipaka yake ilikatwakatwa 1891, vipande vikahamishwa hata kutoka kaunti hadi kaunti. Tusikae tunabuni utaratibu wakati upo tayari. Fungueni vitabu vya majina vya Ordnance Survey, wale wachora ramani wa serikali, vya Forfarshire, 1857 hadi 1861, vimo mtandaoni. Kila ukurasa kwa mkono: jina, kando yake tahajia zote walizozikuta, pembeni aliyeithibitisha kila moja, kisha maelezo mafupi, shamba ni la nani, kijito kinaishia wapi. Hawakufuta tahajia iliyoshindwa. Nasi tufanye hivyo: Forfarshire na Angus zikae safu moja, kila moja na mwaka wake.

Dada wa Kirrie, agizeni nakala rasmi ya cheti kutoka NRS, idara ya kumbukumbu ya Scotland, kupitia tovuti yao ya ScotlandsPeople. Picha ya ukurasa wenyewe haifunguki mtandaoni mpaka ipite miaka 100, ila nakala mnapata.

Kijana wa Tanga
Na waliothibitisha walikuwa nani? Mwenye ardhi, mchungaji wa kanisa, mwalimu wa shule. Mchunga kondoo anayeujua mlima wenyewe hakuwa na uzito kama wao. Ndiyo hao hao wakaja kwetu na ramani. Joseph Thomson, yule msafiri Mskoti, katoka zake Penpont, Dumfriesshire, maporomoko ya Nyahururu yakawa Thomson's Falls. Wenyeji hawakuwa na jina?

Mwalimu Mstaafu, Perth
Hayo tutayajadili siku nyingine.

Kijana wa Tanga
Siku nyingine hiyo haifiki, Mwalimu.

Baba Geita, Aberdeen
Dada usihangaike. Mimi cheti changu ni Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Tangu 2012 Geita ni mkoa wenyewe, pasipoti mpya ikatoka na Geita. Ofisi moja huku ikaniuliza nimezaliwaje mikoa miwili. Nikaandika barua ya nusu ukurasa, wakanyamaza. Nchi zote zinachezea mipaka, ila huku wakichezea wao inaitwa historia, tukichezea sisi inaitwa nyaraka zenye utata.

Dada wa Kirrie
Ahsanteni wote. Barua tutaandika. Lakini fomu ina kisanduku kimoja tu cha kaunti na hakipokei mkwaju (/) wala mabano.

Baba Geita, Aberdeen
Mmenikumbusha Geita mpaka nimesikia harufu ya sato wa kubanika. Huku nimebaki na smokies za Arbroath, samaki wa moshi. Kuna mtu anapita huko kabla ya Jumamosi? Wale wa kukaushwa, waliofungwa wawili wawili kwa kamba mkiani.

Mama Monifieth
Hawakaushwi, Baba Geita. Wananing'inizwa kwenye ufito juu ya pipa la moto wa kuni ngumu, wanafunikwa magunia, wanaiva kwa moshi na joto. Ukimfungua bado ana majimaji, unamla papo hapo. Wa kukaushwa ni wa kwenu. Na asili yao ni Auchmithie, si Arbroath mjini.

Kijana wa Tanga
Auchmithie haimo kwenye jedwali. Niiweke Arbroath?

Mzee wa Dundee
Parishi ya St Vigeans.

Mama Monifieth
Halmashauri ya Angus! Na Coupar bado sijaona imetolewa.